Konsoli au kompyuta? Jibu kwa mwenye PS4 inayonguruma

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina PS4 Pro niliyoinunua mwaka 2017. Bado inawaka, lakini nikiweka gemu nzito inanguruma kama mashine ya kusaga. Akiba yangu inatosha PS5 mpya na gemu mbili. Nikijibana miezi michache zaidi itafika kompyuta ya gemu ya wastani. Mchana nacheza mpira na wadogo zangu sebuleni, usiku nacheza peke yangu gemu za hadithi na za kupiga risasi. Nasomea uhariri wa video, na laptopu yangu inakata pumzi nikipanga video mbili tu. Rafiki yangu mwenye kompyuta ananicheka, anasema konsoli ni ya watoto. Mwingine mwenye PS5 anasema watu wa kompyuta wanashinda wakitengeneza badala ya kucheza. Nani mkweli, na mimi nichukue lipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Rafiki zako wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja amechukua nusu inayompendeza. Mimi kazi yangu ni kuunda na kutengeneza kompyuta, na nyumbani chini ya televisheni kuna konsoli ambayo siioni aibu, kwa hiyo sina timu ya kuitetea. Kwa hali uliyonieleza nina jibu moja, wala sitakuambia "inategemea" halafu nikuache njiani. Ila nikikupa jibu bila sababu, rafiki yako atakugeuza kesho asubuhi. Kwa hiyo vumilia kidogo.

Anayenunua konsoli ananunua maamuzi ambayo wengine wameshayafanya: chipu gani, kumbukumbu kiasi gani, picha iwe kali kiasi gani, gemu zinunuliwe duka gani. Anayenunua kompyuta ananunua nafasi ya kuamua mwenyewe, na humohumo kwenye boksi anakuta kazi ya kuamua. Sifa nyingi na kero nyingi utakazozisikia kuhusu vitu hivi viwili zinatoka hapo.

Chukua konsoli za kizazi hiki. PS5 na Xbox Series X zilitoka mwezi mmoja, Novemba 2020. Ndani hakuna muujiza: prosesa ya AMD yenye viini 8, sehemu ya picha ya AMD hiyohiyo, kumbukumbu ya GB 16 ambayo prosesa na sehemu ya picha zinakula sahani moja, na SSD, yaani hifadhi ya gemu, iendayo kasi. Ni kompyuta hizo. Tofauti ni kwamba zipo mamilioni na zote ni pacha. Mtengenezaji wa gemu akiijaribu kazi yake kwenye PS5 ya ofisini kwao, ameshaijaribu kwenye PS5 yako. Kwa upande wa kompyuta hajui wewe una kadi gani ya picha, ina umri gani, draiva yake, yaani programu inayoiendesha, uliisasisha lini, na ni programu ngapi zinazokimbia nyuma yake wakati unacheza.

Jambo hilo linaonekana waziwazi kwenye kitu ambacho wauzaji hawakitaji kabisa: sheda. Hizi ni programu ndogondogo zinazoielekeza kadi ya picha jinsi ya kupaka rangi, kivuli, maji, mng'ao wa chuma. Kila familia ya kadi ina lugha yake, kwa hiyo sheda lazima zitafsiriwe kwanza. Kwenye konsoli mtengenezaji anazitafsiri mapema, maana kadi anaijua, na zinakufikia zimeshaiva ndani ya gemu. Kwenye kompyuta zinapikwa jikoni kwako. Ama utasubiri mwanzoni ukitazama mstari ukijaa taratibu, ama gemu itazitafsiri katikati ya mapambano, na hapo ndipo unapokutana na kile kigugumizi: unageuka kumtazama adui, picha inaganda sehemu ya sekunde, ikirudi umeshalala chini. Ugonjwa huu hauponi kwa kununua kadi ya bei mbaya. Elden Ring ilipotoka Februari 2022, watu wenye mashine za kutisha walikuwa wanalalamikia kukwama. Steam Deck, kikompyuta cha mkononi cha Valve kilichotoka mwezi huohuo, kilikuwa na nguvu ndogo mno ukikilinganisha na mashine hizo, lakini kikaicheza gemu ile kwa utulivu zaidi. Deck zote ni pacha, kwa hiyo Valve waliweza kuiandalia mambo kabla haijafika mkononi mwa mchezaji. Ilikuwa kompyuta iliyojifanya konsoli, na ikafaidi faida ya konsoli.

Mifano mingine ipo. Batman: Arkham Knight mwaka 2015 ilikuwa mbovu kwenye kompyuta kiasi kwamba wenyewe waliiondoa sokoni Juni na kuirudisha Oktoba. The Last of Us Part I, iliyokuwa tulivu kwenye PS5, ilifika kwenye kompyuta Machi 2023 ikawaonesha waliokuwa na kadi za GB 8 kwamba kumbukumbu yao haitoshi tena. Lakini usije ukadhani konsoli ni kinga dhidi ya gemu mbichi. Cyberpunk 2077 ya Desemba 2020 ilikuwa aibu kwenye PS4, mashine uliyonayo wewe. Sony waliitoa kwenye duka lao na haikurudi hadi Juni 2021, na muda wote huo wenye kompyuta nzito walikuwa wanaicheza, pamoja na hitilafu zake. Mashine ikizeeka, awe mwenye konsoli au mwenye kompyuta, huonjeshwa ubichi wa kwanza.

Rafiki yako wa PS5 nampa haki yake hapa. Jioni moja jamaa yangu alipita kwangu tucheze nusu saa kabla hajaendelea na safari zake. Nilikuwa na kompyuta niliyoiunda mwenyewe, najigamba nayo. Nikaiwasha: Windows inataka kujisasisha. Nikaahirisha. Duka la gemu nalo likajisasisha, halafu gemu yenyewe ikadai GB kadhaa. Ilipofunguka haikuiona padi ya pili, nikatoa waya, nikachomeka, nikaingia kwenye setingi nikabadilisha aina ya padi. Tukaanza, sauti ikawa inatokea kwenye kioo badala ya spika. Jamaa alikuwa amekaa kwenye kochi, padi mapajani, ananitazama mgongoni. Tulicheza dakika saba. Hakuna kilichoharibika siku ile. Kila kitu kilifanya kazi kama kilivyopangwa, na hilo ndilo lililoniuma. Konsoli nayo hujisasisha, tena usiku ukiiacha kwenye hali ya kulala, lakini ukibonyeza kitufe cha padi, televisheni inawaka na gemu inaendelea pale ulipoiachia jana. Kwa nyumba yenye watoto, au mtu anayerudi kazini kachoka, hiyo ni thamani ambayo haimo kwenye jedwali lolote la vipimo.

Sasa upande wa pili, nao ni mnono.

Gemu nyingi za konsoli hukupa njia mbili: picha nzuri zaidi kwa fremu 30 kwa sekunde, au picha iliyopunguzwa kidogo kwa fremu 60. Kwa fremu 30 kila picha inakaa kiooni milisekunde 33. Kwa 60 ni kama 17, na kwa 120 ni 8 na ushei. Kwenye gemu ya hadithi, ukiwa umeegemea kochi mita mbili kutoka kwenye televisheni, 30 unaizoea baada ya dakika kumi. Kwenye gemu ya risasi, ukiwa na kipanya mkononi na kioo karibu na uso, tofauti ya 60 na 120 utaihisi kwenye kifundo cha mkono kabla jicho halijaiona: unamwekea mtu nukta kichwani, na nukta inakaa. Kuna gemu za konsoli zinazofika 120, sikatai, ila anayeamua ni mtengenezaji. Kwenye kompyuta unapunguza vivuli, unapunguza majani, unashusha ukali wa picha, na fremu zinapanda. Kadi ya miaka sita unaweza kuisukuma miaka miwili mingine kwa namna hiyo. Tena uhuru huo unarudi nyuma: gemu ya mwaka 2012 unaifungua kwenye mashine ya leo nayo inakimbia kama swala, kwa ukali wa picha ambao haukuwepo ilipotengenezwa. Bloodborne ya 2015 ukiiweka kwenye PS5 bado inakwenda kwa fremu 30, maana ndivyo ilivyofungwa, na hakuna setingi ya kuifungua.

Kwa kuwa unacheza mpira, hili la sheria za wenye gemu linakuhusu moja kwa moja. Kwa miaka kadhaa kompyuta ilipewa makombo. FIFA 21 na FIFA 22 kwenye kompyuta zilikuwa toleo la mashine za zamani. Mfumo mpya wa mwendo wa wachezaji uliokuja na FIFA 22 ulibaki kwa wa PS5 na Xbox Series. Wa kompyuta waliupata kwenye FIFA 23. Mashine zao ziliuweza mfumo huo tangu awali. Kampuni ndiyo iliamua vingine. Siku hizi toleo ni moja, lakini mwenye kompyuta usisahau kwamba wewe si mgeni wa heshima kwenye kila karamu. GTA V ilitoka Septemba 2013 kwenye konsoli, kompyuta ikaipata Aprili 2015. Red Dead Redemption 2 ilichelewa mwaka mmoja hivi. GTA VI ilipotangazwa zilitajwa PS5 na Xbox Series, kompyuta haikutajwa. Gemu kubwa za Sony nazo huja baadaye: God of War ya 2018 ilifika kwenye kompyuta Januari 2022. Na za Nintendo usizisubiri, hawazileti.

Ila geuza sarafu uone. Counter-Strike 2, Dota 2, League of Legends, na karibu gemu zote za mikakati zinazohitaji kibodi ni za kompyuta, na hizo tatu nilizozitaja hazina malipo ya kuanzia. Halafu kuna modi, yaani kazi za mashabiki wanaofungua matumbo ya gemu na kuibadilisha. Counter-Strike yenyewe ilianza mwaka 1999 kama modi ya Half-Life. Dota ilizaliwa ndani ya Warcraft III. Kwenye mpira, PES 2021 inaendelea kupewa jezi na vikosi vipya na mashabiki wa kompyuta, miaka baada ya Konami kuhamia eFootball. Haki yake PlayStation pia nitaitaja: PES za PS4 ziliruhusu kuingiza picha za jezi na nembo kwa flashi, na nadhani wewe mwenyewe umewahi kulala saa nane za usiku ukipanga ligi. Xbox hawakuruhusiwa hata hilo.

Na penye uhuru hapakosi wachakachuaji. Mtu anayeweza kuingia kwenye matumbo ya gemu kuweka jezi anaweza pia kuingia kuona wapinzani nyuma ya ukuta. Ndiyo maana gemu za ushindani kwenye kompyuta zinakuja na walinzi wakali. Vanguard ya Valorant inaanza kazi tangu kompyuta inapowaka, kabla hujafungua gemu, na inakaa kwenye kina cha mfumo ambako programu ya kawaida haifiki. Kuna wanaokataa mlinzi wa namna hiyo kwenye mashine yenye hati zao za benki, na siwalaumu. Kwenye konsoli wachakachuaji wa programu ni nadra, ingawa wapo wanaochomeka vifaa vinavyomdanganya mwamuzi kwamba kipanya ni padi.

Tuje kwenye hela, ambako ndiko uongo mwingi uliko. Konsoli mpya ni rahisi kuliko kompyuta mpya ya nguvu sawa, na si kwa bahati. Katika kesi ya Epic Games dhidi ya Apple mwaka 2021, ofisa wa Microsoft, Lori Wright, alieleza mahakamani kwamba kampuni yake haijawahi kupata faida kwa kuuza mashine za Xbox zenyewe. Faida iko kwenye fungu wanalokata kila gemu inapouzwa dukani kwao, ambalo kwa kawaida ni asilimia 30. Anayeuza kadi ya picha hana duka la gemu, kwa hiyo faida yake yote lazima aitoe kwako siku hiyohiyo. Kwa mashine ninazoziunda, kompyuta mpya yenye uwezo unaokaribiana na PS5, ukijumlisha kioo, kibodi na kipanya, inakaribia mara mbili ya bei ya konsoli. Konsoli inatumia televisheni iliyopo.

Baada ya siku hiyo hesabu inageuka taratibu. Kucheza mtandaoni gemu ya kulipia kwenye PlayStation au Xbox kunataka usajili, na ada ya mwaka inakaribia bei ya gemu moja kubwa mpya. Gemu za bure kama Fortnite haziulizwi. Kwenye kompyuta ada hiyo haipo. Weka miaka sita: ni kama gemu sita ambazo hukuzicheza. Kisha bei za gemu. Kwenye kompyuta maduka yako mengi na yanashindana, na gemu ya miaka mitatu kuuzwa kwa robo ya bei si habari. Steam, duka la Valve la gemu za kompyuta, wanakurudishia hela ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa 2. PlayStation nao wanasema siku 14, lakini ukishaanza tu kuipakua gemu, kwa kawaida mlango umefungwa. Hilo la Steam mimi ndilo nalitumia kupima kama mashine ya mteja inaiweza gemu: nunua, jaribu dakika arobaini, rudisha.

Turufu ya konsoli kwenye hela ni diski. Gemu ya diski unaimaliza, unamuuzia mwingine, unaongeza kidogo, unachukua nyingine. Kwenye kompyuta hilo lilikufa zamani. Gemu imeshikamana na akaunti yako na haimtoki mtu. Lakini uwe macho, maana na konsoli zinaelekea hukohuko: PS5 Pro ya Novemba 2024 ilitoka bila kisomadiski, anayekitaka anakinunua pembeni. Na ile desturi ya kusubiri konsoli ishuke bei imevunjika pia. Agosti 2022 Sony waliipandisha bei PS5 katika nchi nyingi ikiwa haijatimiza hata miaka miwili sokoni.

Umeme nitaupitia haraka. PS5 ikifanya kazi nzito inakula wati 200 hivi. Kompyuta yenye kadi ya RTX 4060, ambayo kadi peke yake kikomo chake ni wati 115, haipishani nayo sana. Yenye RTX 4090 ni habari nyingine: kadi hiyo moja imeruhusiwa kufika wati 450, na chumba utakihisi.

Jambo la mwisho kabla sijakupa jibu ni umri wa maktaba yako. Gemu zako za PS4 karibu zote zitakubali kwenye PS5, hilo ni jema. Za PS3 hazikubali. Nintendo walifunga maduka ya 3DS na Wii U Machi 2023, na Microsoft wakalifunga la Xbox 360 Julai 2024. Ulichokuwa hujanunua humo, basi tena. Mimi nina gemu nilizozinunua Steam zaidi ya miaka kumi iliyopita, zimehama nami kompyuta nne. Lakini na huku hakuna hati miliki ya milele. Mei 2024 Sony walipotaka wachezaji wote wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, gemu iliondolewa Steam katika nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako akaunti hiyo haisajiliwi. Baada ya wachezaji kuja juu, Sony waliliacha sharti hilo ndani ya siku chache. Mwenye duka ni mwenye duka.

Utaona Xbox sijaipigia debe. Ni mashine nzuri, lakini gemu za Microsoft zinatoka kwenye kompyuta siku hiyohiyo, na tangu 2024 baadhi zimeanza kuhamia PlayStation. Forza Horizon 5 iliingia PS5 Aprili 2025. Atakayekuwa na kompyuta pamoja na PlayStation ataikosa Nintendo peke yake.

Sasa wewe. Kama ungekuwa unacheza tu, na hela yako ni hiyo ya PS5, ningekuambia nunua PS5 yenye kisomadiski na barua yetu ingeishia hapa. Kompyuta ya bei ya konsoli, mpya, ni masikitiko. Utalipa kwa fremu, na utalipa tena baada ya miaka miwili. Kilichonibadilisha mawazo ni sentensi yako moja uliyoiweka katikati kama kitu kidogo: unasomea uhariri wa video na laptopu inakata pumzi. Wewe kompyuta utainunua tu, ukitaka usitake. Ukichukua PS5 leo, mwakani utarudi kutafuta hela nyingine ya mashine ya kazi, na mashine hiyo itakuwa na kadi ya picha ambayo ingecheza gemu zako za usiku. Kwa hiyo jibane hiyo miezi, nunua kompyuta ya mezani, iwe ya shule mchana na ya risasi usiku. PS4 Pro ibaki sebuleni kwa wadogo zako. EA Sports FC 26 imetoka hata kwa PS4, kwa hiyo mpira hautawakatikia. GTA VI utaisubiri, na pole kwa hilo.

Usichukue laptopu ya gemu isipokuwa ni lazima uhame nayo. Kadi ya picha ya laptopu ina jina lilelile la ya mezani lakini inapewa umeme mdogo na hewa ndogo, na siku ikichoka huitoi peke yake. Kwenye mashine ya mezani kadi usichukue yenye kumbukumbu chini ya GB 12 kama bei inakubali. Gemu za sasa zinaitaka, na DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video ambayo toleo lake la bure litakutosha sana kama mwanafunzi, inaegemea mno kadi ya picha. RAM iwe GB 32, na iwe vijiti viwili vya 16, kisiwe kimoja cha 32: prosesa inachota kwa mikono miwili badala ya mmoja. Pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine, usikibanie hela. Ndicho kifaa ambacho wauza mashine zilizokwisha kuunganishwa hukipunguza kwanza kwa sababu hakionekani kiooni, nami nimeshaifungua mashine ya mteja ambayo pawasaplai ya ovyo iliondoka na ubao mama na SSD yenye picha za harusi.

Ukienda kwenye mtumba, ambako hela yako itafika mbali zaidi, angalia prosesa isiwe ya kabla ya kizazi cha 8 cha Intel au Ryzen 2000. Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za nyuma ya hapo. Kadi iliyotumika iwashiwe mbele yako, iendeshe gemu nzito robo saa nzima, na wewe sikiliza feni, tazama kioo kama kinatoa vidoadoa vya rangi.

Siku ya kuiwasha, mambo mawili yatakayokuepusha na kunipigia. Waya wa kioo uchomeke kwenye kadi ya picha, ule mlango wa chini uliolala, si wa juu kwenye ubao mama. Huwezi kuamini ni mara ngapi nimeitwa kwenye "kompyuta mpya mbovu" nikahamisha waya, nikanywa chai, nikaondoka. Halafu kioo ukinunua cha Hz 144, yaani kinachobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, ingia kwenye setingi za Windows ukihakikishe, maana mara nyingi kinaanza kwa 60, na wapo wanaomaliza mwaka hawajui.

Na hiyo PS4 isikutishe kwa ngurumo. Pro zinajulikana kwa kelele tangu zilipotoka Novemba 2016, na ya miaka yote hiyo feni yake huwa imevaa blanketi la vumbi. Chomoa umeme, ipindue, fungua kifuniko cha chini, utaiona feni. Izuie kwa kidole isizunguke, kisha puliza vumbi kwa hewa ya kopo au tumia brashi laini kavu. Ukiiacha izunguke kwa kasi ya hewa unaweza kuiharibu. Ikiendelea kunguruma baada ya hapo, pasta ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa imekauka, na hiyo inataka kuifungua yote. Kama hujawahi, mpelekee fundi, mwambie abadilishe pasta tu, na ukae hapohapo hadi aifunge.